Krimu ya Saladi ya Muriel Bracewell

Muriel Bracewell alikuwa mwanamke wa maneno mengi, ila hakuna aliyepata kuyasikia kwa masikio.

Kwa miaka ishirini na miwili alifuma nguo za pamba katika kiwanda kilichokuwa bondeni chini ya Hagshaw, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Ndani ya kiwanda kile mitambo mia tatu ilikuwa ikigonga kwa pamoja tangu saa moja asubuhi, na hata ungepiga yowe, mwenzako aliye hatua mbili kutoka kwako asingegeuka. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo. Walitamka bila sauti, wakikunjua na kukunja midomo, wakisaidia kwa nyusi, na mtu wa ng'ambo ya pili akasoma kila kitu. Kwa lugha hiyo Muriel hakuwa na mpinzani. Alisimulia habari za mtaa mzima, aliwaiga wasimamizi, alitania wachumba wa watu. Siku moja Annie Ormerod, aliyefuma jirani yake, alicheka mpaka akasahau kutazama uzi, ukamkatikia kwenye mitambo yake yote minne.

Lakini ukimtoa nje ya lango la kiwanda, ukampa utulivu na watu wa kumsikiliza, basi. Maneno yaliisha. Sauti yake mwenyewe ilimshtua kana kwamba kuna mtu mwingine kaingia chumbani. Siku ya harusi yake mchungaji alimwomba arudie "nakubali" mara tatu, na mara ya tatu Percy akajibu kwa niaba yake.

"Amekubali, Mchungaji. Mimi nimemsikia."

Watu walicheka, na Muriel naye akacheka, na hivyo ndivyo ndoa yao ilivyokwenda. Percy Bracewell alikuwa kinyozi, na kinyozi asiye na la kusema angefunga duka kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa na maoni juu ya hali ya hewa, kriketi, Malkia, mbolea ya waridi na namna sahihi ya kukunja gazeti. Wakienda kwa watu, Percy alisema, "Muriel atachukua chai, sukari kijiko kimoja." Wakiulizwa hali, alisema, "Hatujambo, Muriel mgongo tu unamsumbua." Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimpenda mkewe, alimletea chai kitandani kila Jumapili, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamsaidia.

Na katika maoni yote ya Percy, hakuna aliloling'ang'ania kama la krimu ya saladi, ule mchuzi mzito wa manjano hafifu unaouzwa kwa chupa.

"Krimu ya saladi ni ya saladi," alisema, mkasi mkononi, kwa kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake. "Jina lake limeandikwa kwenye chupa. Wangetaka tuitie kwenye chipsi wangeiita krimu ya chipsi."

Nyumbani kwao chupa ile ilikaa kabatini Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili saa kumi na moja jioni ilitoka, ikasimama katikati ya meza kama mgeni wa heshima, na kila mtu akapata sahani yake: majani ya saladi, nyanya iliyokatwa mara nne, vipande vya tango, kiazi chekundu cha bitiruti kilicholowekwa siki, nusu ya yai la kuchemsha, na kipande cha paja la nguruwe la chumvi. Percy akajimiminia pembeni ya sahani, kiasi cha kijiko. Kisha chupa ikafutwa mdomo, ikarudi kabatini mpaka Jumapili nyingine.

Muriel alikula na kunyamaza. Kwao haikuwa hivyo. Alizaliwa mwaka elfu moja mia tisa ishirini na moja, na alipokuwa mtoto viwanda vilisimama, baba yake akakaa miaka minne bila kazi. Miaka hiyo mama yake alikuwa akipaka krimu ya saladi kwenye mkate, kisha anafunika kwa kipande kingine cha mkate, hicho ndicho chakula. Watoto watano waligombea vile vipande. Muriel alipenda ile ladha inayouma pembeni mwa ulimi, siki kwanza, halafu haradali, halafu utamu unaokuja mwisho kama mtu aliyechelewa akaomba radhi. Mama yake aliitia kwenye viazi vya moto, kwenye maharage, kwenye soseji zilizobaki. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna sheria.

Sheria alikutana nayo kwa Percy. Na kwa muda wa mwaka mmoja aliitii.

Kisha ikaja baridi ya mwaka arobaini na saba. Theluji ilifika madirishani, makaa yalikuwa ya kupimwa, jibini bado ilikuwa ya kadi ya mgao tangu vita, kipande kidogo kwa wiki nzima. Percy alitaka pai ya jibini na vitunguu. Muriel alikuna kile kijipande akakitazama. Kilikuwa haba, hakingetosha kumpa panya ladha. Dukani Percy alikuwa akinyoa mtu, sauti yake ilipenya ukutani. Muriel alifungua kabati, akachukua chupa, akatia vijiko viwili kwenye vitunguu vilivyolainika, akakoroga, akafunika kwa unga uliokandwa, akatia kwenye jiko la kuokea.

Percy alikula kipande cha kwanza bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Alikula cha pili. Halafu akaweka uma chini, macho yamemlowa.

"Muriel," alisema, "hii ndiyo pai ya mama yangu. Hii hasa. Nani kakufundisha?"

Angemwambia nini? Alitabasamu. Percy akajijibu mwenyewe, kama kawaida yake: "Kipaji. Wengine wanacho tu."

Tangu siku hiyo kulikuwa na chupa mbili katika nyumba ya Bracewell. Moja ilikaa kabatini, ya Jumapili. Ya pili ilikaa chini ya sinki, nyuma ya dawa ya kufanyia usafi wa choo, mahali ambapo Percy hajawahi kuinama katika maisha yake. Ya pili ndiyo iliyoisha haraka.

Miaka ilikwenda. Wakapata binti wawili, wakakua, wakaolewa miji ya Preston na Bolton. Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu, na Muriel akakosa mahali pa kuzungumzia. Siku za soko alikutana na Annie Ormerod, wakasimama kila mtu upande wake wa barabara, wakipiga soga kwa midomo magari yakipita katikati yao. Wageni waliwadhania wanatafuna kitu.

Mwaka sabini na sita ulikuja na joto ambalo hakuna mtu wa Hagshaw aliyepata kulionja. Mvua ilikatika. Nyasi za uwanja wa kriketi ziligeuka rangi ya mkate uliochomwa, na mabwawa ya vilimani yalionyesha matope yao. Hakuna aliyetaka kuwasha jiko. Nyumba zote zilikula saladi, asubuhi labda, mchana na jioni kwa hakika, na krimu ya saladi ikawa kitu cha kila siku. Percy aliteseka. Ilimbidi aruhusu chupa itoke Jumatano.

"Ni dharura," aliwaambia wateja wake. "Vita vilikuwa hivi hivi."

Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi watu wa kanisa dogo la Kimethodisti walikutana ukumbini kwa chai na mazungumzo, wake kwa waume. Alhamisi ya Julai alikuwa aje bwana mmoja kutoka Clitheroe kuwaonyesha picha za milima ya Uswisi. Walikula kwanza, milango yote imeachwa wazi, jua la saa moja jioni likiwaka kama la adhuhuri. Akinamama walikuwa wameandaa saladi, na kwa kuwa mtu mmoja alijitolea, kulikuwa na bakuli kubwa la viazi vichanga vya moto. Chupa za krimu ya saladi zilipangwa katikati ya meza, moja kwa kila watu wanne.

Annie Ormerod alichukua viazi sita. Akageuza chupa juu ya sahani, akaipiga tako mara mbili. Krimu ikamwagika.

"Annie!" Percy alipaza sauti kutoka meza ya pili. "Annie Ormerod, hivyo ni viazi vya moto!"

"Nina macho, Percy."

"Krimu ya saladi kwenye viazi vya moto? Ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Huu ni ukumbi. Nyumba ya Mungu iko mlango wa pili."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema kwao huitia kwenye samaki. Mwingine akasema samaki ni sawa ila chipsi ni siki tupu. Bi Thwaites, mke wa mwenye duka la magazeti, akakiri kwa sauti ndogo kwamba yeye huila kwa mkate mtupu akiwa peke yake, akaona haya mpaka shingoni. Mpwa wa mtu fulani, aliyekuja kutoka kusini, akauliza kwa nini hawatumii mayonezi. Ukumbi mzima ukamgeukia, naye akarudi kwenye nyanya zake.

Hapo ndipo zilipofika habari kwamba gari la yule bwana wa Clitheroe limechemka njiani, na kwamba yeye na milima yake hawafiki.

Bi Crabtree, mwenyekiti, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa kifua kipana na kengele ya mkononi. Aliipiga.

"Hatuna Uswisi," alisema. "Lakini naona tuna jambo. Tutafanya mjadala wa heshima. Hoja ni hii: krimu ya saladi ni ya saladi tu. Bwana Bracewell, nadhani wewe unaiunga mkono?"

Percy alikwisha simama. Alizungumza dakika kumi na tano bila kutafuta neno. Alisema kila kitu kina mahali pake. Alisema mtu akianza na viazi vya moto kesho atafika kwenye uji. Alisema baba yake, marehemu, aliishi miaka themanini na moja na hakuitia popote ila kwenye saladi, na meno yake alizikwa nayo. Watu walipiga meza. Ndipo akafika kileleni.

"Na nichukue mfano wa nyumbani kwangu," alisema. "Wote mmekula pai ya Muriel. Ya jibini na vitunguu. Kuna asiyeijua?"

Hakukuwa na asiyeijua. Pai ile ilikuwa inakwenda kwenye kila harusi na kila msiba wa Hagshaw.

"Ina nini ndani? Jibini. Vitunguu. Chumvi na pilipili. Basi! Hakuna vikorombwezo. Huo ndio upishi wa watu wanyoofu. Muriel anakubaliana nami kabisa. Siyo, mke wangu? Anakubali."

Akakaa, makofi yakampokea.

Muriel alikuwa ameshika kikombe. Alikitazama. Siku zote maneno yale, "anakubali", yalimpita kama upepo wa dirishani. Jioni ile hayakupita. Labda ni joto. Labda ni ile pai, ambayo ilikuwa kitu pekee duniani alichokijua kuliko Percy. Kabla hajajizuia, kichwa chake kilikuwa kinatikisika, kushoto, kulia, kushoto.

Bi Crabtree aliona. Wote waliona.

"Bi Bracewell? Una la kusema?"

Percy aligeuka. "Hapana, hana, yeye huwa..."

Muriel alisimama.

Alikamata ukingo wa meza, akafungua mdomo, akaanza kusema. Alisema vizuri, kwa ufasaha na kwa madoido, nyusi zikipanda na kushuka. Nyuma kabisa ya ukumbi Annie Ormerod na wafumaji wengine wanne wakaanza kuangua kicheko, mmoja akapiga paja lake. Watu wengine wote walikodoa macho. Hapakuwa na sauti hata ya kunong'ona.

Annie alisimama akamjibu kwa midomo vile vile, polepole: *Sauti, shoga. Washa sauti.*

Muriel alijigusa koo. Akavuta pumzi. Na sauti ikaja, nyembamba kidogo, yenye kutu, lakini ya kwake.

"Nilikuwa nasema," alisema, "kwamba mume wangu hajui anachokula."

Ukumbi ulilipuka. Alingoja watulie. Alishangaa kuona kwamba anajua kungoja.

"Mimi nimekula krimu ya saladi kwenye kila kitu. Kwenye mkate mtupu, Bi Thwaites, usione haya, mimi nimekuzwa nayo. Kwenye viazi vya moto ndiko inakojua kazi yake, maana joto linaiamsha. Kwenye yai lililopondwa. Kwenye soseji baridi asubuhi, umesimama, hujavaa viatu. Kwenye majani ya saladi ni nzuri pia, ila majani hayana cha kuiambia. Unawakutanisha watu wawili na mmoja hasemi kitu." Akamtupia jicho mumewe. "Najua habari hizo."

Walicheka mpaka Mchungaji Holroyd akavua miwani aifute. Percy naye alicheka, kidogo, bila uhakika.

"Sasa pai," Muriel akasema.

Kwa mara ya kwanza aliogopa, si watu, bali ule uso wa Percy, uliomgeukia kwa imani yote kama mteja aliyefungwa shuka shingoni.

"Percy, mpenzi. Ina vijiko viwili vya krimu ya saladi. Siku hizi vitatu."

Nje ndege mmoja aliita.

"Tangu lini?" Percy aliuliza.

"Tangu Februari arobaini na saba."

"Ile theluji?"

"Ile ile."

"Kila pai?"

"Kila moja. Na viazi vya kuponda. Na pai ya samaki. Na mkate wa jibini wa kuchoma."

"Hata mkate wa jibini!"

"Huo hasa."

Percy alipapasa kiti kama asiyeamini kwamba bado kipo. "Lakini ilikuwa na ladha ya pai ya mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ile ile kabisa. Nisingekosea hilo, Muriel."

"Hukukosea." Muriel aliachia ukingo wa meza. "Pasaka ya mwaka ule mama yako alikuja kututembelea. Akala. Akanifuata jikoni, akafunga mlango, akaniuliza, 'Unaificha wapi?' Nikamwonyesha chini ya sinki. Akasema, 'Mimi naificha kwenye kapu la nguo chafu. Baba yake hajui mpaka leo. Usimwambie mtoto.'"

Hakuna aliyeweza kueleza baadaye jinsi kicheko kile kilivyoanza, maana kilitoka pande zote mara moja. Bi Crabtree alipiga kengele lakini alikuwa akiipiga huku analia machozi ya kicheko. Annie Ormerod alilazwa kwenye viti viwili. Muriel hakumtazama mtu ila Percy.

Mabega ya Percy yalianza kutikisika. Kwanza Muriel alidhani amemuumiza, akasogea hatua moja. Kisha mumewe akainua kichwa, uso mwekundu kama kile kiazi cha siki, midomo imefunguka. Alicheka bila sauti mpaka akashika mbavu.

"Kapu la nguo chafu!" alisema mwishowe. "Na baba, na meno yake yote!"

Walipiga kura. Wa Percy walikuwa watu watatu. Percy mwenyewe hakuwamo. Aliinua mikono yote miwili upande wa mkewe, na Bi Crabtree akaamua kuihesabu kama mmoja.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado halijazama nyuma ya kilima. Percy alisimama kwenye lango lao.

"Muriel," alisema, "umekuwa na maneno yote hayo siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuwahi kusema?"

Alimtazama tu. Percy akasema, "Ah," akamfungulia lango.

Percy ndiye aliyeieneza hadithi ile. Kila aliyekaa kwenye kiti cha kunyoa aliisikia, na kila wiki iliongezeka nakshi, mpaka mama yake akawa anaificha chupa ndani ya kinanda. Mvua ilirudi Septemba. Mwezi huo huo barua ilikuja kutoka kanisa la Barley, kijiji cha jirani, wakiomba Bi Bracewell aje azungumze. Juu ya nini? Juu ya chochote, walisema. Akaenda akazungumza juu ya kiwanda, na namna ya kumtukana msimamizi usoni kwake bila yeye kusikia, na walimkatalia kuondoka. Baada ya hapo wakamwita Sabden, kisha Whalley, kisha chama cha akinamama cha Padiham, watu mia moja na ishirini. Percy alimwendesha kwa gari lao dogo la kijani, akakaa mstari wa mbele. Mara mbili au tatu alianza kumjibia watu maswali, na mara zote alijikatiza mwenyewe katikati, akafunika mdomo kwa kofia.

Kwa upande wa chakula, alipotea kabisa. Mtu aliyefungiwa miaka yote hiyo hajui pa kusimama. Alitia krimu ya saladi kwenye chipsi, kwenye samaki, kwenye mkate, kwenye maharage. Aliweka chupa ya tatu dukani. Muriel alimwacha, akimtazama kwa furaha, mpaka Jumapili moja ya Novemba alipomwona ananyoosha mkono kuelekea bakuli la wali wa maziwa na sukari.

"Percy."

"Najaribu tu. Kijiko kidogo."

"Weka chupa chini."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema, mbele ya watu wote, kwamba..."

"Nilisema viazi. Nilisema yai. Wali wa maziwa sikusema, na sitasema, na ukiutia huo hapo nakwenda kuishi Bolton kwa mwanao."

Percy aliweka chupa chini. Akachukua kijiko, akala wali wake, akitabasamu peke yake.

"Una sauti nzuri sana ukikasirika," alisema.

"Kula," Muriel akasema, "halafu unioshee vyombo. Saa kumi na mbili natakiwa Colne, na bado sijaamua niwaambie nini."